Kifungo cha Shati

Daktari aliandika: dakika arobaini, njia tambarare,
mara tatu kwa wiki.
Tambarare ya Nairobi nani anaijua? Nikachagua Oloolua,
ambako kijia huteremka mtoni kikipindapinda
kama mdeni anayelikwepa duka.

Goti langu bovu, kamera ya kuazima,
na Lemayian wa dada yangu, miaka tisa,
aliyekabidhiwa kazi mbili: kubeba maji na kunyamaza.
Ya pili ilimshinda kabla ya lango.

Walioanza ni kwarara. Watatu,
wakitokea upande wa Karen, wakipiga mayowe
kama jamaa walioshindwa kesi ya shamba.
Nikainua kamera. Nikapata mawingu na waya wa stima.

Shorewanda hana makuu. Alitua kijitini,
akageuza uso kulia, akageuza kushoto,
kama aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho.
Asante, nikamwambia. Anayefuata.

Anayefuata alikuwa chozi, dume,
kijani cha kung'aa kama kitu kilichotoka jana kwa sonara,
na jina lake alilitimiza: nilipobonyeza
alikuwa ameshadondoka.
Nina picha ya ua.

“Na huyu?”
Kipepeo.
“Na yule mweusi?”
Kipepeo pia.
“Na wale wote?”
Tulikuwa tumefika kivukoni, pale ng'ombe walipokojoa jana,
na matope yalikuwa yanapumua kwa mabawa,
arobaini, hamsini, vichwa chini, wakinyonya chumvi.
“Kwa hivyo ni kama darasa lenye kina Brian watupu.”

Nikakosa la kusema. Lugha hii
iliita kidaka, ikaita kitale, ikaita dafu, ikaita koroma,
kabla nazi haijawa nazi;
ikampa jina ndege anayegonga mti
na jina lingine ndege anayekula nyuki;
halafu ilipofika kwa hawa, ilichoka?
Au majina yalikuwepo,
na aliyeyajua hakuulizwa.

Mtoto hakungoja jibu. Akachuchumaa, akafungua sajili.
Weusi wenye mabaka meupe: Sare ya Shule.
Yule wa kahawia mwenye macho mabawani,
anayekutazama hata akilala: Askari wa Zamu.
Wa manjano iliyochujuka: Risiti.
Na mdogo kuliko wote, wa samawati,
aliyekaa kando kama kitu kilichong'oka kwa mtu
na mtu mwenyewe hajajua:
Kifungo cha Shati.

Huyo nilimtaka.
Nikapiga magoti. Mimi, ambaye tangu Machi
hata kusali nasali nimeketi,
nilishuka matopeni kwa yote mawili,
nikasogea, nikazuia pumzi, nikasogea,
naye akaruka, akazunguka mara moja,
akatua juu ya kamera, ukingoni mwa kioo.
Akafumba mabawa. Akafumbua.
“Piga,” akanong'ona Lemayian, “piga sasa!”

Nimpige na nini?

Tulikaa hivyo. Sijui muda gani; zile dakika arobaini
zilipita karibu yetu bila kusimama.
Wakati wa kurudi goti lilidai chote, na riba,
nami nikalipa kwa kuegemea bega dogo
lililokuwa bado linaongea.

Picha zilitoka sitini na moja: waya, ua, mkia,
kidole changu mara kumi na mbili,
shorewanda wa kitambulisho.
Majina aliyaandika kwa penseli
nyuma ya karatasi ya daktari,
“Kifugo cha Shati”, bila ile n,
na Jumatano muuguzi akaipiga stepla kwenye faili langu
pasipo kusoma, upande huo ukiwa juu.